Nani Aliizima, na Itawashwa Lini?

Kabati lilikuwa safi. Rangi nyekundu, herufi nyeupe zimeandika BARAKOA ZA DHARURA, na mlangoni kulikuwa na kufuli. Ilikuwa katika kiwanda cha barafu kwenye mji mmoja wa pwani, miaka kadhaa iliyopita, nilipoingia na jamaa yangu aliyeitwa kutengeneza pampu. Magogo ya barafu ambayo wavuvi huyapasua kabla ya kuingia baharini hugandishwa kwa amonia inayozunguka ndani ya mabomba. Amonia ikivuja kidogo, pua inakwambia. Ikivuja nyingi, macho hujifumba yenyewe, koo linakaza, na muda wa kufikiri umekwisha. Nikamuuliza fundi wa zamu ufunguo wa kabati uko wapi. Akasema uko kwa mtu wa stoo. Na mtu wa stoo yuko wapi?

"Saa kumi anaondoka, kaka."

Kiwanda kile kilikuwa kinafanya kazi usiku kucha.

Kufuli lilikuwa na sababu yake. Barakoa mbili ziliwahi kuibwa, na barakoa za aina ile si bei ya kuchezea, kwa hiyo meneja akaagiza kabati lifungwe. Ukimsikiliza unamwelewa. Yule mtu wa stoo naye alikuwa anatunza mali aliyokabidhiwa, kama inavyompasa. Kila aliyehusika alifanya jambo la busara, na matokeo ya busara zote hizo ni kwamba kuanzia saa kumi jioni hadi asubuhi kiwanda hakikuwa na barakoa hata moja, na hakuna aliyelijua hilo kama jambo moja. Tangu siku ile kila nikisoma habari za ajali ya kiwanda cha kemikali sianzi kwa kutafuta nani alikosea usiku ule. Natafuta kinga zilizokuwa zimezimwa wiki na miezi kabla, kimya kimya, kila moja kwa sababu yake.

Hakuna mahali jambo hili linaonekana wazi kama Bhopal. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, katika mji huo wa jimbo la Madhya Pradesh nchini India, tangi namba E610 la kiwanda cha viuatilifu cha Union Carbide India, tawi la kampuni ya Marekani, lilimwaga hewani takriban tani 40 za methili isosianeti, kemikali yenye sumu kali. Gesi yake ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo haikupaa ikapotea. Ilishuka, ikatambaa chini, ikaingia kwenye vibanda vya maskini vilivyokuwa ng'ambo tu ya barabara. Serikali ya jimbo ilithibitisha vifo 3,787. Mwaka 2006 serikali hiyo iliiambia mahakama kwamba waliodhurika walikuwa 558,125. Makundi ya waathirika yanataja vifo vingi kuliko hivyo kwa mbali, na wapo watu waliokufa miaka mingi baadaye kwa mapafu yaliyoungua usiku ule.

Kilichotokea kikemia kinaelezeka kwa maneno machache. Maji yaliingia ndani ya tangi. Maji na kemikali ile vikikutana huzaa joto, joto huongeza kasi ya mchanganyiko, kasi huzaa joto zaidi. Kemikali yenyewe huchemka kwenye nyuzijoto 39 tu za Selsiasi. Mvuke ukajaa, shinikizo likapanda, valvu ya usalama ikafunguka kama ilivyoundwa kufunguka, na gesi ikatoka.

Wahandisi waliobuni mtambo ule walijua yote hayo, ndiyo maana waliweka kinga juu ya kinga. Kulikuwa na mtambo wa kupooza ili kemikali ikae kwenye baridi kali, mahali ambapo hata maji yakiingia mambo yanakwenda polepole na mafundi wanapata nafasi ya kufanya kitu. Mtambo huo ulizimwa Juni 1984 ili kubana matumizi, na gesi yake ya kupoozea ikachukuliwa kwa kazi nyingine. Kulikuwa na mnara wa kuosha gesi kwa kostiki, kemikali kali ya kuua sumu yake. Ulikuwa umewekwa kando kwa kuwa uzalishaji wa kemikali ile ulishasimama tangu Oktoba. Kulikuwa na mnara mwingine wa kuichoma gesi kabla haijaenda popote. Huo ulikuwa umekatwa kwenye mfumo, kwani kipande cha bomba lake kililiwa na kutu na kilikuwa kinasubiri kubadilishwa. Tangi la akiba, ambalo lilipaswa kuwa tupu ili likipokee kinachozidi, lilikuwa na kitu ndani. Tangi lenyewe la E610 lilijazwa kupita kiwango kilichopendekezwa. Mipira ya maji ya zimamoto ilifunguliwa, lakini maji hayakufika kule juu gesi ilikokuwa inatokea.

King'ora cha kuwaamsha majirani kililia kidogo kikazimwa. Utaratibu wa kiwanda ulikuwa ni kutowatia watu hofu kwa mivujo midogo.

Isome tena orodha hiyo, safari hii ukitazama sababu: kubana matumizi, uzalishaji umesimama, kipuri hakijafika, tusiwatie watu hofu. Nimekaa kwenye vikao vya viwandani nikasikia sababu zote nne zikitolewa, na wote mezani wakatikisa kichwa kukubali. Kila moja ikisimama peke yake inapita. Hatari ilikuwa kwamba hakuna karatasi iliyokuwa juu ya meza ya mtu yeyote iliyoandika: leo hii tarehe fulani, kwenye tangi hili lenye tani hizi, kinga zifuatazo zimezimwa. Karatasi hiyo ingekuwepo, hata meneja mwenye roho ngumu angeshtuka. Kinga ya tatu isingezimwa kirahisi kama wa kuizima angelazimika kutia sahihi chini ya majina ya mbili zilizotangulia.

Watu wakisimulia Bhopal hupenda kusimama kwenye kikombe cha chai. Ni kweli, kabla ya saa sita usiku mafundi walianza kuhisi macho yanawasha, wakajua kuna mvujo mahali fulani, wakakubaliana kuutafuta baada ya chai. Kipimo cha shinikizo kilishapanda, nao hawakukiamini. Ni rahisi kuwaita wazembe ukiwa umekaa kwenye kiti miaka 40 baadaye. Lakini mivujo midogo ilikuwa sehemu ya maisha yao ya kila siku pale, na vipimo vile vilishawadanganya mara nyingi. Idadi ya mafundi katika kitengo hicho ilikuwa imepunguzwa kutoka 12 hadi 6 kwa zamu. Mtu anayefanya kazi ya wawili, mbele ya geji inayosema uongo, kwenye harufu aliyoizoea, atafanya walichofanya wale. Ningefanya mimi, na wewe pia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi, na hata na taarifa nyingi za uchunguzi tunazoandikiwa huku kwetu. Kiwanda kikilipuka, sentensi ya kwanza ya msemaji ni "uzembe wa mfanyakazi". Sentensi hiyo inafunika kombe. Union Carbide nayo ilishikilia kwamba mfanyakazi mwenye kinyongo ndiye aliyeingiza maji kwa makusudi. Upande wa wafanyakazi ulisema maji yalipita wakati wa kuosha mabomba, kwa kuwa hakuna aliyeweka bati la kuziba kabla ya kazi kuanza. Mabishano hayo yamechukua miongo. Mimi naona jibu lolote kati ya hayo mawili linarudi palepale. Tuseme ilikuwa hujuma. Mtu mmoja mwenye hasira na mpira wa maji anawezaje kuua mji, ikiwa baridi ipo, mnara wa kuosha upo, wa kuchoma upo, na king'ora kinalia? Kiwanda ambacho usalama wake unategemea kwamba kamwe hakuna binadamu atakayekosea, kuchoka, kusahau au kukasirika, hicho hakijawa salama hata siku moja. Kimekuwa na bahati.

Jambo jingine la Bhopal halisemwi vya kutosha. Kiwanda kile kilikuwa kinakufa. Dawa yake ya wadudu haikuuzika kama ilivyotarajiwa, hasara ilirundikana, na wenye mali walikuwa wanatafuta namna ya kuachana nacho. Kiwanda kinapopata hasara, kitu cha kwanza kukatwa ni matengenezo, kwa sababu matengenezo ukiyakata leo hakuna kinachotokea kesho. Mafundi wenye uzoefu wanaona mwelekeo, wanaondoka mapema. Wanaobaki ni wageni wa mitambo. Tani za sumu hazipungui pamoja na bajeti. Mwandishi wa habari wa palepale Bhopal, Rajkumar Keswani, aliandika tangu 1982 kwamba mji umekaa juu ya mlima wa moto. Mfanyakazi mmoja alishakufa kwa gesi ndani ya kiwanda mwishoni mwa 1981, na wakaguzi wa kampuni waliotoka Marekani mwaka 1982 walirudi na orodha ndefu ya kasoro. Hakuna aliyeweza kusema hakuambiwa.

Sasa kuna swali la chini zaidi ya kinga zote hizo. Kwa nini zilikuwepo tani zote zile? Kemikali iliyoua Bhopal haikuwa bidhaa. Hakuna mkulima aliyewahi kuinunua. Ilikuwa kitu cha njiani, kinachotengenezwa ili kugeuzwa kuwa kitu kingine, na iliwekwa akiba kwa sababu ni rahisi kuendesha mtambo ukiwa na akiba. Mhandisi Mwingereza Trevor Kletz alitumia maisha yake kurudia fundisho moja, kwamba kitu usichokuwa nacho hakiwezi kuvuja. Ukiweza kutengeneza kilo unazohitaji sasa na kuzitumia sasa, huhitaji tangi. Ukiweza kutumia kemikali isiyo kali, huhitaji mnara. Hiyo ndiyo kinga pekee ambayo haizimwi na mtu wa kubana matumizi, kwa sababu haina swichi. Baada ya Bhopal kampuni nyingi duniani zilipitia maghala yao na kugundua kwamba sehemu kubwa ya akiba waliyokuwa wakilala nayo haikuwa na kazi.

Kletz alilisema hilo akiwa na kumbukumbu ya nyumbani kwake. Tarehe 1 Juni 1974, Flixborough, Uingereza, kiwanda cha malighafi ya nailoni kililipuka kikaua watu 28. Kilikuwa na matangi sita yaliyopangwa kwa mfululizo, sikloheksani ya moto, kimiminika kinachowaka upesi, ikipita kutoka moja hadi jingine. La tano lilipata ufa, likaondolewa, na ili uzalishaji usisimame wakaunganisha la nne na la sita kwa bomba la muda. Mchoro wa bomba hilo ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Mhandisi mkuu wa mitambo alikuwa ameondoka na nafasi yake ilikuwa bado haijajazwa; hakukuwa na mtu mwenye elimu ya kutosha ya kusema hapana. Bomba lilidumu takriban miezi miwili. Ilikuwa Jumamosi; ingekuwa siku ya kazi, ofisi zingekuwa zimejaa. "La muda" ni neno la kuogopwa kuliko mengi kiwandani. Waya wa muda, mpira wa muda, kipande cha bati cha muda: uliza kilifungwa lini, utasikia mwaka.

Na kuna kile kibao cha getini kinachohesabu siku bila ajali. Sikipingi, kinawakumbusha watu kuvaa kofia. Ila kinapima kuteleza na kukatika vidole. Hakioni kutu iliyomo ndani ya bomba. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha kampuni ya BP huko Texas City, Marekani, kilikuwa na takwimu za kuridhisha za majeraha ya kawaida, hadi tarehe 23 Machi 2005, mnara ulipojazwa kupita kiasi, kipimo kikitoa picha ya uongo, mafuta yakafurika na kulipuka. Watu 15 waliokufa walikuwa ndani ya ofisi za trela zilizoegeshwa karibu na mtambo huo, au jirani nazo. Na trela hizo ziliwekwa hapo kwa muda.

Tuje nyumbani. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mtaa wa Mradi, Embakasi, Nairobi, gesi ya kupikia ililipuka kwenye eneo la kujazia mitungi, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa, nyumba na maghala yakateketea. Mamlaka ya nishati ya Kenya, EPRA, ilieleza kwamba maombi ya leseni ya eneo lile yaliletwa mara tatu mwaka 2023 na yote yakakataliwa, sababu kubwa ikiwa ni msongamano wa makazi. Mara tatu kinga ilifanya kazi kwenye karatasi. Wakati huohuo mamlaka ya mazingira, NEMA, ilishatoa kibali chake, na baadaye ikakiri kwamba kilitolewa bila kufuata taratibu na maofisa wakasimamishwa. Aliyekataa alijua hatari, lakini kukataa kwake hakukutiiwa. Na majirani walikuwa wakilala mita chache kutoka ukutani.

Sheria si kwamba hatuna. Tanzania ina sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 na wakala wake wa OSHA, na ina Mkemia Mkuu wa Serikali mwenye mamlaka juu ya kemikali za viwandani. Kenya ina sheria yake ya 2007 na idara yake ya usalama na afya kazini, DOSHS. Tatizo liko kwenye namna ukaguzi unavyofanyika. Mkaguzi anatarajiwa. Wiki moja kabla, kiwanda kinapakwa rangi, viatu vipya vinagawiwa, vibarua wasio na mikataba wanaambiwa wasije siku hiyo. Mkaguzi anaona vizima moto vina tarehe sahihi, anatia sahihi, anaondoka mchana. Yote aliyoyaona ni ya kweli. Kabati la barakoa lingempendeza, kwa sababu saa tano asubuhi mtu wa stoo yupo.

Ningependa aje saa nane usiku, bila taarifa, aombe daftari moja tu. Kila kiwanda chenye kemikali za hatari kilazimishwe kuwa na daftari la kinga zilizozimwa. Kila king'ora kilichonyamazishwa, kila valvu iliyofungwa kwa waya, kila geji isiyoaminika, kila bomba lililokatwa kusubiri kipuri, iandikwe: nani aliizima, kwa nini, itawashwa lini, na nini kimewekwa badala yake. Zikizidi mbili kwenye tangi moja, sahihi iwe ya mwenye kiwanda mwenyewe, si ya msimamizi wa zamu. Tarehe ikipita bila kuwashwa, mtambo usimame. Gharama yake ni daftari na kalamu. Ugumu wake ni kwamba linamtoa mkubwa gizani, na najua litapingwa kwa sababu hiyohiyo.

Pamoja na daftari, lugha. Nimeona mapipa yenye maelekezo ya Kiingereza na Kichina yakibebwa na vijana ambao shule yao na maisha yao yote ni Kiswahili. Kibarua anayeambiwa "usiguse hiyo" bila kuambiwa kwa nini, siku ya kwanza hatagusa, siku ya kumi atagusa kwa sababu mwenzake kagusa na hakufa. Mwambie kwamba kostiki ikimwagikiwa maji kidogo huchemka na kuruka usoni, hutamrudia mara ya pili. Na mpe haki ya kusimamisha kazi bila kufukuzwa kesho yake. Kibarua wa siku mara nyingi hathubutu kufanya hivyo, naye ndiye anayetumwa kuingia ndani ya tangi.

Majirani nao wana haki ya kujua. Bhopal, madaktari walipokea maelfu ya wagonjwa bila kujua gesi ni ipi na wafanye nini. Watu waliamka wakikohoa, wakatoka nje wakikimbia, wengi wakakimbia kule upepo unakokwenda, maana yake wakakimbia pamoja na gesi. Kitambaa kilichoroweshwa maji, kikishikwa puani, kingepunguza madhara, na hakuna aliyekuwa amewaambia. Hili si jambo la kungoja mtaalamu kutoka nje. Kama kuna kiwanda cha barafu, cha samaki, cha ngozi au mtambo wa kusafisha maji wenye mitungi ya klorini jirani na kwenu, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anatakiwa awe na majibu ya maswali manne yaliyoandikwa na kubandikwa ofisini kwake: kuna nini mle ndani, kiasi gani, king'ora chake kinaliaje, na tukikisikia tukimbilie upande gani. Awe pia na namba ya simu ya msimamizi wa zamu ya usiku, iliyojaribiwa usiku.